Kijana wa Kikapu Ulaya na Drafti ya NBA: Mwongozo Kamili wa Kuamua Uingie Lini

Juni 2009, Hasheem Thabeet wetu wa Tanzania aliitwa wa pili katika drafti ya NBA, yaani usiku ambao timu za ligi kuu ya kikapu ya Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu, akaenda Memphis. Nafasi tatu baadaye Minnesota ikamwita Ricky Rubio, Mhispania wa miaka 18 aliyekuwa akichezea Joventut ya Badalona. Rubio hakwenda Minnesota mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Alihamia Barcelona, akatwaa nayo ubingwa wa EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, 2010, na ndipo 2011 akavuka bahari. Mkataba wake na Joventut ulikuwa na kifungu kilichodai mamilioni ya yuro kwa atakayeuvunja, na kanuni za NBA zinaibana timu isilipe zaidi ya sehemu ndogo ya deni la namna hiyo.

Huku kwetu wengi tulikuwa na macho kwa Thabeet tu. Lakini kwa kijana anayecheza Ulaya, mambo ya kujifunza usiku ule yalikuwa kwa Rubio. Kuchaguliwa ni jambo moja, kwenda ni jingine, na katikati kuna makaratasi ambayo watu wazima walio karibu na kijana aghalabu hawajayasoma.

Mwongozo huu ni wa kijana wa miaka 17 hadi 21 aliye kwenye klabu ya Ulaya, na wa mzazi wake. Zipo familia zinazozungumza Kiswahili ambazo jambo hili limewafikia sebuleni, hasa Ubelgiji na Ufaransa. Frank Ntilikina, aliyechaguliwa wa nane 2017 akitokea Strasbourg, ni mtoto wa wazazi kutoka Rwanda. Baba yake Victor Wembanyama ana asili ya Kongo. Watakuja wengine, na ningependa wakute mezani maelezo ya lugha yao kabla ya wakala kugonga mlango.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua ninaelekea wapi. Kuandikisha jina na kubaki kwenye drafti ni maamuzi mawili tofauti. La kwanza linarudishika na halina gharama kubwa, kwa hiyo usiliogope. La pili hufanywa mara moja tu maishani, na lisifanywe kabla hujajua timu zipi zinakutaka, kwa mkataba wa aina gani, na nani atailipa klabu yako.

Hatua ya kwanza: Jua dirisha lako

NBA humhesabu mtu kuwa mchezaji wa kimataifa akiwa ameishi na kucheza nje ya Marekani kwa angalau miaka mitatu kabla ya drafti, hakumalizia sekondari Marekani, na hajawahi kujiunga na chuo cha huko. Ukiwa wa kundi hilo, unaruhusiwa kuandikisha jina kuanzia mwaka wa kalenda unaotimiza miaka 19. Kinachotazamwa ni mwaka, siku ya kuzaliwa haihusiki. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alizaliwa mwishoni mwa Agosti 1992, akachaguliwa wa saba Juni 2011 akitokea Fuenlabrada ya Hispania, huku bado ana miaka 18.

Mwaka unaotimiza 22 unaingia moja kwa moja, umeandika jina au hukuandika. Kwa hiyo aliyezaliwa 2007 anaweza kujaribu kuanzia 2026, na aliyezaliwa 2004 atakuwa ndani 2026 bila kuulizwa. Kwa hesabu hiyo una drafti nne za kuchagua: ya 19, ya 20, ya 21 na ya 22. Familia nyingi huishi kana kwamba ipo moja tu.

Tarehe za kuandika ukutani ni mbili. Jina liwe limefika ofisi za NBA siku 60 kabla ya drafti, yaani karibu na mwisho wa Aprili. Mchezaji wa kimataifa anayetaka kujiondoa afanye hivyo kwa maandishi angalau siku 10 kabla ya drafti, kabla ya saa 11 jioni za New York, ambazo ni saa 5 usiku Paris. Ukijiondoa ndani ya muda huo unarudi kuwa ulivyokuwa.

Na usione haya kujiondoa. Kristaps Porziņģis wa Latvia, akiwa Sevilla, aliandikisha jina 2014 akalitoa. Mwaka mmoja baadaye New York ilimchukua wa nne.

Hatua ya pili: Elewa unachokabidhi

Soma sehemu hii polepole, kwa sababu hapa ndipo vijana huumia bila kujua wameumia wapi.

Timu ikikuita jina, imepata haki ya peke yake ya kufanya mazungumzo nawe ndani ya NBA nzima. Huwezi kwenda kwa jirani yake hata jirani akikutaka zaidi. Timu inaweza kuiuza haki hiyo kwa timu nyingine bila kukuuliza. Na ukiendelea kucheza Ulaya, haki haichakai. Vasilije Micić wa Serbia aliitwa wa 52 na Philadelphia mwaka 2014. Akakomaa Ulaya, akawa mchezaji bora wa EuroLeague 2021, akatwaa ubingwa mara mbili mfululizo na Anadolu Efes ya Istanbul. Miaka yote hiyo mlango wake wa NBA ulikuwa mmoja, na mwenye ufunguo akabadilika kutoka Philadelphia kwenda Oklahoma City. Aliingia NBA 2023, akiwa na miaka 29.

Nafasi ni 60, raundi mbili za 30, ingawa baadhi ya miaka hupungua moja au mbili kwa sababu ya adhabu kwa timu. Tofauti ya raundi ya kwanza na ya pili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye runinga.

Raundi ya kwanza ina ngazi ya mishahara iliyopangwa kwa kila nafasi. Timu inaweza kulipa kati ya asilimia 80 na 120 ya kiwango hicho, na kwa kawaida hulipa 120. Miaka miwili ya kwanza ni fedha ya uhakika: uumie, ukae benchi, uchukiwe na kocha, utalipwa. Mwaka wa tatu na wa nne ni hiari ya timu. Wembanyama, wa kwanza 2023, alianza na zaidi ya dola milioni 12 kwa mwaka; siku hizi hata wa 30 anaanza na zaidi ya milioni 2. Thamani ya uhakika huo mwone Nikola Topić, kijana wa Serbia aliyebainika kuwa na jeraha la goti mwezi wa drafti yenyewe, 2024. Oklahoma City ilimchukua wa 12 hivyo hivyo, na msimu mzima uliofuata alikuwa akijiuguza huku mkataba wake ukiwa salama.

Raundi ya pili haina ngazi hiyo. Ili isipoteze haki zako, timu inalazimika kukupa ofa ya mwaka mmoja tu ya kima cha chini, isiyo na hata senti ya uhakika. Tangu makubaliano ya 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji, timu zimepewa nafasi maalumu ya kuwapa wateule wa raundi ya pili mikataba ya miaka mitatu au minne, na zimeitumia kwa wingi. Lakini hiyo ni hiari yao. Wengine hupewa mkataba wa njia mbili, ambao unalipa nusu ya kima cha chini cha mchezaji wa mwaka wa kwanza, unakuruhusu kuvaa jezi ya NBA kwa mechi zisizozidi 50, na siku nyingine zote unacheza G League, ligi ya maendeleo ya NBA. Kwa msimu wa 2025-26 kima cha chini kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza ni dola 1,272,870, na cha njia mbili 636,435.

Kuna mtu atakuambia habari za Nikola Jokić, wa 41 mwaka 2014, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi mara tatu. Ni kweli kabisa. Ila mwambie amalizie hadithi: Jokić hakwenda Denver mwaka ule. Alibaki Mega ya Belgrade msimu mmoja zaidi, akawa mchezaji bora wa ligi ya Adriatiki, ndipo akaondoka akiwa na sehemu ya kwenda na kazi ya kufanya.

Kubaki Ulaya kwa aliyechaguliwa raundi ya kwanza kuna faida yake. Miaka mitatu ikipita bila kusaini, ngazi ya mishahara haimbani tena, na timu yenye nafasi chini ya ukomo wa mishahara inaweza kumlipa bei ya soko. Nikola Mirotić aliitwa wa 23 mwaka 2011, akabaki Real Madrid, akasaini Chicago 2014 kwa fedha ambazo ngazi isingemruhusu. Bogdan Bogdanović, wa 27 mwaka 2014, alikaa Fenerbahçe hadi 2017, akaenda Sacramento kwa mkataba wa miaka mitatu wa karibu dola milioni 27. Njia hiyo inamfaa mwenye klabu kubwa inayomlipa vizuri na kumchezesha. Asiye na klabu hiyo atangoja kwa hasara.

Hatua ya tatu: Fungua mkataba wa klabu yako

Toa karatasi kabatini, kaa na mwanasheria wa michezo wa nchi hiyohiyo, na mtafute kifungu cha kuvunja mkataba kwa ajili ya NBA. Mambo ya kuulizia ni haya: Kiasi ni gani, na kinapungua kila mwaka au kinabaki palepale? Ni kwa yuro au dola, kabla ya kodi au baada? Kina tarehe ya mwisho? Vifungu vingi hufungwa Julai, na ukichelewa siku moja unasubiri msimu mzima. Kama hakuna kifungu kabisa, klabu inaweza kutaja bei yoyote au kukataa.

Sasa hesabu ambayo wengi hukutana nayo wakiwa wameshachelewa. NBA huruhusu timu kuchangia fedha za kukutoa klabuni, lakini kiwango hupangwa kila mwaka na hakijafika dola milioni moja. Kinachozidi kinatoka kwako, kwa kawaida kwa makato ya mshahara wa miaka ya mwanzo. Tuseme klabu inataka milioni 2, timu ikatoa 800,000. Milioni 1.2 zinabaki kwenye mabega yako. Kwa aliyeitwa wa tano zinalipika. Kwa aliyeitwa wa 45 mwenye mkataba wa njia mbili, zimezidi mshahara wa mwaka mzima kabla hata ya kodi. Hiyo ndiyo sababu wateule wengi wa raundi ya pili kutoka klabu kubwa hubaki walipo: hawana njia ya kutoka.

Wazazi, jambo hili huamuliwa kijana akiwa na miaka 15, 16 au 17, wakati klabu inapoleta mkataba mrefu wa kwanza na kila mtu nyumbani ana furaha. Furahini, lakini msisaini siku hiyo. Ombeni kifungu cha NBA chenye kiasi kinachopungua kadiri miaka inavyokwenda, na dirisha linalobaki wazi hadi wiki mbili au tatu baada ya drafti. Klabu inayolea vijana ili iwauze kwa heshima haitashangaa kuombwa hivyo. Inayokasirika imekuonyesha mapema jinsi mtakavyoachana.

Hatua ya nne: Hesabu dakika zako uwanjani

Kama ningeruhusiwa kumuuliza kijana swali moja tu, ningemuuliza: msimu ujao, ukibaki, utacheza dakika ngapi, na nani amekuambia hivyo?

Kijana wa miaka 19 anayekaa mwisho wa benchi la klabu kubwa ya EuroLeague anafanya mazoezi na watu wazima, na hilo lina faida, lakini maskauti, yaani wasaka vipaji wa timu, hawana cha kuandika, na mwili wake hausomi kasi ya mechi. Ndiyo maana zipo klabu zilizojijengea sifa ya kuwachezesha wadogo: Mega ya Belgrade, Ulm ya Ujerumani, Cholet ya Ufaransa alikotoka Rudy Gobert na baadaye Tidjane Salaün. Mwaka 2025 Ulm peke yake ilitoa wawili raundi ya kwanza, Noa Essengue wa 12 na Ben Saraf wa 26. Ukiwa umekwama benchini, kuomba mkopo kwenda klabu ya namna hiyo mara nyingi kunakufaa kuliko kukimbilia drafti.

Alperen Şengün wa Uturuki alikuwa mchezaji bora wa ligi ya nchi yake akiwa na miaka 18 tu, na Beşiktaş; akaingia 2021, Houston ikampata wa 16, akacheza tangu mwanzo. Dragan Bender aliitwa wa nne 2016 akitokea Maccabi Tel Aviv alikokuwa anapata dakika chache. Kabla ya miaka mitano kwisha hakuwa tena NBA. Wawili hawathibitishi kanuni, ila nimefuatilia drafti nyingi za vijana wa Ulaya na ninaamini hivi: anayeingia akiwa ameshabeba timu ya watu wazima, hata ndogo, ana pa kusimama mambo yakimwendea vibaya.

Namba kubwa nayo haimlindi mtu. Thabeet, wa pili, alipelekwa ligi ya maendeleo katika msimu wake wa kwanza, jambo ambalo halijawahi kumpata mteule wa nafasi ya juu kiasi kile kabla yake. Timu ya NBA ina nafasi 15 za kawaida na tatu za njia mbili. Kila Juni wanaingia wengine.

Hatua ya tano: Andikisha jina, kisha kusanya majibu

Kama wewe na kocha wako mnaona una nafasi ya kweli ya kuwa ndani ya 60, andika jina ukiwa na 19 au 20. Hata ukijua utajiondoa. Kuanzia hapo timu zinaweza kukuita, kukupima na kusema nawe wazi.

Wakala awe na kibali cha chama cha wachezaji wa NBA. Chama hicho kinaweka ukomo wa asilimia 4 ya mshahara. Ulaya mambo ni tofauti: mara nyingi klabu ndiyo inayomlipa wakala, na asilimia 10 si jambo la ajabu. Muulize wazi anapata nini ukibaki na anapata nini ukienda, kisha usikilize ushauri wake ukiwa na jibu hilo kichwani. Kuuliza hivyo si kumvunjia heshima, na wakala mzuri atakujibu bila kuguna.

Orodha za utabiri zinazozagaa mitandaoni zisikulevye. Yannick Nzosa, mzaliwa wa Kinshasa, alikuwa akicheza ligi kuu ya Hispania na Malaga akiwa na miaka 17, na watabiri walimweka miongoni mwa wa juu kabisa wa 2022. Siku ilipofika Washington ilimwita wa 54. Aliyeandika orodha hana fedha ya kuweka mezani. Mwenye fedha ni meneja mkuu wa timu.

Kwa hiyo wakala awaulize mameneja maswali yenye majibu yanayopimika. Mmemtazama uwanjani mara ngapi msimu huu, na nani alikuja? Akiwepo kwenye nafasi yenu, mtamchukua? Mnataka aje mwaka huu, au abaki Ulaya? Akiwa wa raundi ya pili, mtampa miaka mingapi, na mingapi ni ya uhakika? Mnakijua kiasi cha kumtoa klabuni? Timu inayojibu mawili ya mwanzo kwa maneno matamu na kukwepa matatu ya mwisho bado haijakuamulia.

Kalenda itakubana. Kambi kubwa ya NBA ya kuwapima wanaoingia drafti, kule Chicago, huwa Mei, na majaribio ya timu binafsi hujaa Mei na Juni, wakati ligi za Ulaya ziko kwenye mchujo. Ulm walikuwa bado wanacheza fainali ya Ujerumani wiki ileile ya drafti ya 2025. Usiitoroke klabu. Maskauti huuliza habari za tabia, na huwauliza makocha wako wa Ulaya kwanza. Tumia nafasi zinazolingana na ratiba: kambi ya Treviso nchini Italia, mechi za timu ya taifa ya vijana, mwaliko wa Aprili wa Hoop Summit, mechi ya vijana wa dunia dhidi ya wa Marekani, kule Portland ukiupata. Biyombo aliupata 2011, akamaliza mechi na pointi 12, ribaundi 11 na mipira 10 aliyoizuia. Miezi miwili baadaye alikuwa wa saba. Na kilichompandisha ndicho kilichomweka NBA kwa zaidi ya miaka kumi: mwili tayari na kazi moja, ulinzi, aliyoweza kuifanya tangu siku ya kwanza.

Wewe je, kazi yako moja ni ipi? NBA mstari wa pointi tatu uko mita 7.24, Ulaya 6.75. Mechi ni dakika 48 badala ya 40, na ni 82 kwa msimu kabla ya mchujo. Mlinzi haruhusiwi kukaa chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu bila mtu wa kumkaba, kwa hiyo ujanja wa kujificha kwenye ulinzi wa kanda unakufa. Jipime kwa mambo hayo.

Hatua ya sita: Piga hesabu ya fedha ya mkononi

Mishahara ya Ulaya kwa kawaida hutajwa baada ya kodi, na klabu mara nyingi huongeza nyumba na gari. Ya NBA hutajwa kabla ya kodi. Ukiilinganisha namba kwa namba utakuwa umejidanganya.

Chukua kima cha chini, dola 1,272,870. Ondoa kodi ya serikali kuu ya Marekani, ambayo ngazi yake ya juu ni asilimia 37. Ondoa kodi ya jimbo, isipokuwa kwa timu za majimbo yasiyoitoza kama Texas na Florida, na hata huko utatozwa na baadhi ya majimbo unakokwenda kucheza ugenini. Ligi hushikilia asilimia 10 hadi hesabu za mwaka zifungwe. Yupo wakala. Lipo deni la klabu. Mwishoni, mkataba wa njia mbili unaweza kukuachia pungufu ya ulichokuwa ukipata Belgrade au Valencia, huku ukicheza mbele ya viti vitupu vya G League.

Kwa raundi ya kwanza hesabu hii karibu kila mara inasema nenda, hasa kwa kijana asiye na mshahara mkubwa Ulaya. Sitampa mtoto wa familia ya kawaida ushauri wa kuacha miaka miwili ya uhakika ya zaidi ya dola milioni 2 ili "akomae" kwanza. Goti halisubiri.

Hatua ya saba: Ipime njia ya chuo

Miaka kumi iliyopita nisingeitaja kwa urefu. Tangu 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Vijana wa Ulaya wanakwenda kwa wingi. Kasparas Jakučionis alitoka timu za vijana za Barcelona kwenda chuo cha Illinois, akaitwa wa 20 mwaka 2025. Egor Demin alitoka Real Madrid kwenda chuo cha BYU, akaitwa wa nane drafti hiyohiyo.

Inamfaa anayekaa benchi Ulaya na anayetaka dakika, malipo na macho ya maskauti kwa pamoja. Lakini ukishajiunga na chuo si mchezaji wa kimataifa tena kwa kanuni za drafti, na tarehe zako za kujiondoa zinabadilika. Klabu yako pia itadai fedha zake. Viza ya mwanafunzi ina masharti yake kuhusu kulipwa, na kanuni za kustahiki kwa aliyewahi kucheza kwa kulipwa hubadilika mara kwa mara. Pata jibu la chuo kwa maandishi kabla ya kukata tiketi.

Hatua ya nane: Uamuzi wa siku ya kumi kabla ya drafti

Fika siku hiyo ukiwa umelala usingizi na umezima makundi ya WhatsApp ya ukoo.

Kama timu mbili au zaidi, zenye nafasi tofauti ndani ya raundi ya kwanza, zimekuambia zitakuchukua, na deni la klabu linalipika, baki kwenye drafti. Timu moja peke yake sikushauri uitegemee. Nafasi huuzwa usiku uleule, na mchezaji mwingine anaweza kuwateremkia wasivyotarajia.

Kama unaonekana kati ya 31 na 45, baki kwenye drafti ikiwa tu timu imesema inataka kukupa miaka kadhaa yenye uhakika, au kama wewe mwenyewe unataka kubaki Ulaya na umeridhika kuikabidhi timu hiyo haki zako. Ukiwa na miaka 19 au 20 na hakuna hata moja kati ya hayo, jiondoe. Mwaka mmoja wa dakika nyingi una nafasi nzuri ya kukupandisha.

Kama unaonekana baada ya nafasi ya 45, jiondoe maadamu bado una drafti mbele. Na ikiwa una miaka 22, huna pa kujitoa, wakala anaweza kuziomba timu zisikuite mwishoni. Asiyeitwa anakuwa huru kuchagua timu yoyote, na hataingia drafti tena. Kwa wengine uhuru huo una thamani kuliko namba 57.

Sababu moja tu ingenifanya nimwambie kijana abaki kwenye drafti hata kama namba ni za chini kidogo: klabu yake inavunjika, hailipi mishahara, au mkataba umekwisha na hakuna ofa nyingine Ulaya. Hapo kusubiri hakuna mahali pa kusubiria.

Ukiamua kujiondoa, barua iende mapema, angalau siku tatu kabla, na wakala akuletee uthibitisho wa NBA kwamba imepokelewa. Uweke mahali salama. Wiki hiyohiyo keti na klabu mzungumze dakika za msimu ujao, au mkopo. Ukiamua kubaki kwenye drafti, anza siku hiyo kufuatilia viza ya Marekani kwa ajili ya ligi ya majira ya joto ya Las Vegas, barua ya ruhusa ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambayo klabu yako lazima iridhie, na ratiba ya malipo ya kifungu chako, iliyosainiwa na pande zote tatu kabla dirisha la Julai halijafungwa.